Uzi wa Kisigino

Katika mji wetu jua halina haraka. Linapanda, linafika utosini, linakaa pale likitutazama, na likijisikia ndipo linashuka. Kuna mwaka adhuhuri ilidumu wiki tatu. Nguo zilipauka kwenye kamba, majogoo wakasahau zamu zao, na watu wawili wakazeeka kwa kuisubiri alasiri. Mmoja wao ni mimi. Asiyeamini amuulize wa pili, ila yeye alikufa kabla jua halijashuka, kwa hiyo itabidi aniamini mimi.

Jina langu Ngwali. Nilikuwa fundi wa vivuli, na nusu ya ndoa za mji huu zimepita katika sindano yangu. Kazi yenyewe ni hivi. Bwana na bibi harusi husimama uani alasiri, jua likiwa usoni mwao na vivuli vimelala nyuma, virefu. Fundi huchuchumaa nyuma yao. Huushika ukingo wa kivuli cha bibi harusi kwa ncha za vidole, kama mtu anayeondoa utando wa maziwa yaliyochemka, akauvuta taratibu na kuushona kwenye kisigino cha bwana harusi. Mishono saba ya kwenda, mmoja wa kurudi, kisha anauma uzi kwa meno. Basi. Tangu hapo mume akienda mke anakwenda, mume akikaa mke anakaa, na vigelegele vinapigwa. Mwanamke aliyeshonwa vizuri ni sifa kwa ukoo. Kumwambia mtu kwamba mama yake alikuwa kivuli wazi, asiyeshonwa, ni kutafuta kung'olewa meno.

Sheria moja ilitubana sisi mafundi: fundi hashoni ndoa yake. Siku yake ikifika anakwenda kwa fundi mwenzake kama mteja mwingine. Mimi nilipomuoa Mize, fundi wa pili mjini alikuwa kijana mmoja mwenye vidole virefu na tabia ya kupiga mluzi akishona. Nilivitazama vile vidole. Nikavifikiria vikiushika ukingo wa kivuli cha Mize, vikiuvuta, vikiulainisha. Nikasema hapana. Nitashona mwenyewe.

Wazee walinisihi. Sikusikia. Nilisimama pale uani nikiwa bwana harusi kwa mbele na fundi kwa nyuma, nikajipinda kama kuku anayejitafuta utitiri, nikashona. Mishono saba, mmoja wa kurudi, nikauma uzi. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Niliponyooka mgongo ulikataa. Ukabaki umepinda, na umepinda hivyo hivyo miaka arobaini na moja. Watu wakasema, "Fundi, ndoa yako nzito." Nami nikajivuna. Mwanamume anayebeba mke mpaka mgongo unapinda, huyo si ndiye mume?

Huo ndio wivu wangu wa kwanza. Nauhadithia mapema ili huu wa pili usije ukaonekana mgeni.

*

Alasiri moja Mize alikuwa amekaa uani juu ya kibao chake, ungo mapajani, akichagua maharage. Mimi nilikuwa barazani najifanya nimelala. Nikaona kivuli chake kinasimama. Yeye amekaa, kivuli kimesimama. Kikajipangusa vumbi, kikajitanda vizuri, kikatoka kwa mlango wa uani bila kuugusa.

"Mama Pandu," niliita. Pandu ni mwanetu wa kwanza, yuko mbali siku hizi.

Mwili wa Mize uliendelea kuchagua maharage. Baada ya muda, kama maji yanayopanda kutoka kisima kirefu, sauti ikaja: "Abee."

"Unafanya nini?"

Kimya kingine. "Nachagua maharage."

Vidole vilikuwa vinachagua, hilo kweli. Jiwe huku, haragwe kule. Lakini mwenyewe hakuwamo. Ule mwili ulikuwa kama nyumba ambayo watu wametoka wakaacha taa inawaka ili majirani wadhani wamo.

Mtu akikuibia kuku unamwona kuku hayupo. Mtu akikuibia mke, mke yupo pale pale, anakupikia, anakuitikia, na wewe unabaki kuhesabu sekunde kati ya wito na itikio. Nilianza kuhesabu. Nilijua siku za sekunde tatu na siku za sekunde tisa. Niliwaza ni mwanamume wa namna gani huyo aliyeko mbali kiasi cha sekunde tisa. Nikampa urefu. Nikampa mgongo ulionyooka. Nikampa vidole virefu na mluzi. Kila siku nilimwongezea kitu, mpaka akawa mzuri kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kumwona, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, ningemkubali.

*

Nilikwenda kwa Vuai. Tumekua naye, tumeiba mapera pamoja, na sasa ni Mkaguzi wa Vivuli, ana tumbo, ana kitabu cha sheria, na begani ana gombo la waya.

"Vuai," nikasema, "kivuli cha mwanamke kikitoka peke yake kinakwenda wapi?"

"Kwa kivuli cha mwanamume mwingine, bwana wee. Kiende wapi tena? Sokoni?"

"Nauliza tu."

"Hakuna mtu anayeuliza tu." Aliweka kikombe chini. "Nani? Usiniambie Mama Pandu."

Nilikitazama kikombe chake. Vuai akacheka, tumbo likacheka peke yake baada yake. "Fundi mkuu! Kashona nusu ya mji, mkewe kafumuka!"

"Punguza sauti."

"Unanishitakia kirafiki au kiserikali?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kirafiki. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini yule mwanamume wa vidole virefu alipita akilini akipiga mluzi, nikasema, "Kiserikali."

Vuai aliacha kucheka. Akaligusa gombo la waya begani, kama mtu anayehakikisha mtoto bado amelala. "Ijumaa alasiri nakuja. Mtatembea hatua saba uani kwenu, kama kila ukaguzi. Nikiona mwanga unapita kati ya vivuli, unajua kanuni."

Naijua. Mimi ndiye niliyewahi kuitekeleza. Mwanamke aliyefumuka hushonwa upya kwa waya, na aliyeshonwa kwa waya havuki kizingiti cha nyumba yake mpaka siku ya kubebwa kwenda kaburini. Nilimshona mmoja tu, dada yake Vuai. Vuai mwenyewe ndiye aliyekishika kivuli kisichezecheze. Yule mama hakulia. Ila tangu siku ile akisogea anasikika, kama bawaba ya mlango. Ukipita nje ya nyumba yao utasikia: kwii. Amekwenda jikoni. Kwii. Amerudi.

"Dada yangu kavumilia," Vuai alisema, kama aliyenisikia nikiwaza. "Mkeo ana nini cha zaidi?"

Niliondoka kwake nikiwa na furaha ya mtu aliyewasha moto kwenye shamba la jirani. Nilipofika kona ndipo nilipokumbuka kwamba shamba ni langu.

*

Alhamisi nilikifuata kivuli cha Mize.

Kilikwenda kwa hatua pana, hatua ambazo sijawahi kuziona kwake. Kilipita mtaa wa wafinyanzi. Kikapita mtaa ambao nilidhani ulibomolewa nilipokuwa mdogo, na uko pale, na mimi mdogo niko pale nacheza gololi, nikajiamkia "Shikamoo" nikajibiwa "Marahaba" na mtoto. Sikushangaa. Mtu mwenye wivu hashangai, hana nafasi. Mwisho kikaingia katika nyumba kubwa ambayo kuta zake ni karatasi.

Niliijua ile karatasi. Hapa lazima niseme jambo. Mimi kusoma sikufundishwa na mtu. Siku zisizo na harusi nilishona mashati, na vipimo vya kukatia nilivitengeneza kwa kurasa za vitabu vikuukuu. Nikajifunza herufi kwa kuzizungushia mkasi. Kwa hiyo nimesoma vitabu mia mbili na ushei, nusu ukurasa kila kimoja, na vyote vimekatika kwenye kwapa la shati. Katika zile nusu nimekutana na wafalme, wezi, mabaharia, watu wa nchi za theluji na watu wa nchi za mchanga. Kote huko mwanamume ana barabara na mwanamke ana dirisha. Yeye anaondoka, huyu anatazama. Nusu moja ilinitesa ujana wangu wote: "...binti akakaa dirishani akimsubiri, na huko kusubiri kwake kukawa" na hapo mkasi umepita. Kukawa nini? Nilikuwa nikishona namuuliza mteja, eti kusubiri kwa mwanamke huwa nini? Anasema, Fundi, nibane kiunoni kidogo.

Nyumba ile ilijengwa kwa zile nusu nyingine.

Nilijibanza nyuma ya ukuta, penye tundu la umbo la kwapa, nikachungulia. Nilikuwa nimekunja ngumi. Nilikuwa tayari kumwona yule mwanamume.

Hakukuwa na mwanamume. Kulikuwa na vivuli vya wanawake, wengi, wamekaa mikekani kama watu wa shughuli, wamenyoosha miguu. Na niliwajua! Yule mnene aliyevaa taji alikuwa malkia aliyeuawa ukurasa wa tano ili mfalme apate huzuni ya kuanzia safari. Pembeni yake mama wa shujaa, ambaye kitabu kizima hakikumpa jina. Wenzake walikuwa wakimpigia kura ya jina na yeye akikataa yote kwa kuringa. Mama wa kambo alikuwa akijipepea.

"Miaka mia tatu nawanyima watoto chakula," alikuwa akilalamika. "Na mimi mwenyewe napenda watoto. Nikijaribu kupakua tu, aliyeniandika ananishika mkono."

"Wako anakushika mkono," alisema mwingine, mwembamba, wa nchi ya mbali. "Sisi kwetu walishika miguu. Kiatu kidogo tangu utotoni, eti ndiyo uzuri. Ukitaka kukimbia unaanguka kwa uzuri."

"Kwetu pete."

"Kwetu jina. Unaolewa asubuhi, jioni barua zako zinakuja kwa mtu usiyemjua."

"Kwetu walitushona kwa sifa," alisema bibi mmoja, na wote wakageuka. "Nguzo ya nyumba. Taa ya ukoo. Ua la bustani. Nikasifiwa, nikasifiwa, siku nataka kutoka nje naambiwa, nguzo itokeje? Nyumba si itaanguka?"

Wakacheka kwa uchungu, cheko la watu wenye jino bovu moja.

Mimi nimeshona miaka arobaini na zaidi nikidhani ufundi ule ni wa kwetu tu, kipaji cha mji wetu. Kumbe dunia nzima ni chumba kimoja cha mafundi, kila mmoja ameinama kwenye kona yake, huyu na uzi, huyu na kiatu, huyu na kalamu, na hakuna aliyeinua kichwa kumwangalia mwenzake, kwa hiyo kila mmoja anadhani anachofanya ni desturi ya babu zake. Na nani alitufundisha? Nilijaribu kumkumbuka mwalimu wangu pale ukutani. Nikakumbuka mkono tu. Mkono ulioushika wangu, wenyewe ukiwa umeshikwa na mkono mwingine, na huo na mwingine, mpaka kusikoonekana.

"Mize!" waliita. "Mize mwenyewe kafika! Haya, hadithi!"

Kivuli cha mke wangu kilikaa katikati. Na hapo, ndugu yangu, ndipo wivu uliponigeuka ukatafuta mlango mwingine. Mimi ndiye msimulizi wa mji huu. Watu hutoka mitaa mitatu kuja barazani kwangu kusikiliza ile ya mbuzi aliyechaguliwa kuwa sheha, na ile ya adhuhuri ya wiki tatu. Mize akaanza na ya mbuzi. Ile ile! Lakini mbuzi wake alikuwa na kikohozi, na kila akitaka kutoa hukumu kikohozi kinampata, na malkia aliyeuawa akacheka mpaka taji likamdondoka. Kwangu hawajawahi kucheka hivyo. Nikakumbuka, polepole, bila kutaka, kwamba ile hadithi mara ya kwanza niliisikia kutoka jikoni, Mize akijisemea huku anakoroga. Na ya adhuhuri. Na zote. Miaka yote nimekuwa nikiokota makombo mlangoni pa jiko nikiyapakua barazani kama karamu yangu.

"Sasa ile ya fundi!" mama wa kambo alisema. "Ile ya fundi, tafadhali, nimekuja kwa ajili yake."

"Mnaijua tayari."

"Tuambie tena!"

Mize akakohoa. "Palikuwa na fundi mmoja mwenye wivu," akasema, "hata hewa akiivuta mtu mwingine yeye anaona kaibiwa. Siku ya harusi yake akakataa mtu kumgusia bibi harusi kivuli. Akasema nitashona mwenyewe. Akajipinda, hivi." Akajipinda. Vivuli vyote vikaanza kucheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu alijipinda vizuri mno. "Alipojipinda kivuli chake mwenyewe kikaangukia juu ya changu. Yeye akashika ukingo. Akauvuta kwa mahaba! Nikamwona anashona. Mishono saba, mmoja wa kurudi. Akauma uzi. Kumbe ameushona ukingo wa kivuli chake kwenye kisigino chake."

Cheko langu lilikatikia njiani.

"Kajishona mwenyewe!" walipiga kelele.

"Kajishona mwenyewe. Mpaka leo kapinda. Na akinyanyuka asubuhi anashika kiuno ananiambia, 'Mama Pandu, wewe ni mzito.'"

*

Nilirudi nyumbani kabla yake. Sikumbuki njia.

Sasa fikiri na mimi. Miaka arobaini na moja mwanamke yule hakuwa ameshonwa na chochote. Alikuwa wazi kama siku aliyozaliwa. Kila nilipotembea naye, kila ukaguzi, kila harusi ya watu, yule aliyekuwa akinifuata alikuwa akinifuata kwa miguu yake. Mwanamume mwenye busara angefurahi. Mimi wivu uliniwaka zaidi. Kama uzi ulimshika, basi alikuwa wangu. Kama hakuna uzi, basi kila siku kulikuwa na mlango, na kila siku alisimama pale mlangoni akapima, na sikuwepo kutetea upande wangu. Nilizionea wivu zile asubuhi elfu kumi na nne na ushei alizoamua bila kuniuliza.

Na kesho Vuai anakuja na waya, kwa mwaliko wangu.

Ijumaa ilipofika niliitafuta sindano yangu ya zamani, nikaitunga uzi mweusi. Mize alikuwa uani, sufuria ya maharage mekoni, amenipa mgongo, anaanua nguo kambani. Kivuli chake kilikuwa kimelala kwenye sakafu, kimetulia, kizima. Nikachuchumaa. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Nikimshona sasa, Vuai hatauona mwanga, waya utarudi begani. Mishono saba tu. Ni kumwokoa. Nilijisemea hivyo kwa sauti ambayo niliitambua: ndiyo sauti niliyowasemea mama zao mabibi harusi wote.

Nikaushika ukingo. Ulikuwa baridi kidogo, kama shavu la mtu aliyetoka kunawa. Nilikuwa sijawahi kuugusa.

Mize, bila kugeuka, akasema, "Safari hii angalia unachoshona."

Sindano haikuingia.

"Ulijua niko pale ukutani?" nikauliza.

"Nani mwingine anacheka kama kondoo anayeitwa?" Alikunja shuka, pembe kwa pembe.

"Kwa nini hukuniambia? Siku ile ile ya harusi?"

"Ningekwambia ungenirudisha pale uani ukashona tena."

Ni kweli. Ningefanya hivyo. "Na kwa nini ulibaki?"

"Sikubaki, Baba Pandu. Nilikuwa narudi. Kila siku nilitoka na kila siku nilirudi. Siku nyingine nilirudi kwa ajili ya watoto. Siku nyingine kwa ajili yako, ukiniletea zile karatasi zako unisomee nusunusu, nilikuwa napenda. Siku nyingine nilirudi kwa kuwa nimeacha maharage mekoni." Aliweka shuka kwenye kapu. "Mwili niliuacha hapa uwapikie. Niliona ndiyo haki yenu."

"Nimemwita Vuai."

"Najua."

"Ana waya."

"Najua, Ngwali. Waya wa dada yake unasikika mtaa mzima, mimi nisisikie?" Hapo tu sauti yake ilitetemeka, ikanijia bila sekunde hata moja ya kuchelewa. "Sitaki waya. Nimezeeka, nina goti bovu, sitaki kulia kama mlango. Ukinishona kwa uzi leo ni waya vile vile, ila hautapiga kelele. Amua."

Nilichomoa uzi kutoka kwenye sindano. Ulinichukua muda, mikono ilikuwa haijazoea upande huo wa kazi.

*

Vuai aliingia anafuta jasho. "Haya, shemeji, samahani kwa usumbufu. Mume mbele, mke nyuma, hatua saba. Mnajua."

"Leo mimi mbele," Mize alisema.

"Eti?"

"Mimi mbele, yeye nyuma."

"Mwanamke mbele? Shemeji, jambo hilo halijawahi kutokea."

"Kitabu chako kinasema vivuli viende pamoja. Kinasema nani awe mbele?"

Vuai alifungua kitabu. Akakifunua mbele, akakifunua nyuma, akakitikisa kama kuna ukurasa utadondoka. "Hakikusema," akakiri. "Nadhani waliokiandika hawakuwaza kama swali lipo."

"Basi."

Mize akaanza kutembea, na mimi nikamfuata.

Watu wanadhani kufuata ni rahisi, ni kutofanya kitu. Hatua ya kwanza nilichelewa, nikaona mwanga unachungulia kati yetu kama jicho. Nikaharakisha, karibu nimkanyage. Ya tatu nikagundua kwamba macho hayatoshi. Lazima uisikie pumzi ya aliye mbele, ujue anataka kuweka mguu kabla hajauweka. Jasho lilinitoka. Ya tano akapunguza, nami sikutegemea. Goti. Goti lake la kushoto linamshika kila hatua ya tano. Tangu lini? Miaka arobaini na moja nimetembea mbele ya lile goti. Naye alipajua pangu pa kupiga kokoto teke, palipo na kikohozi changu, mahali ninapopenda kusimama ghafla kumwonyesha mtu jambo, yote hayo aliyapima, akayavaa, na mwanga haukupita hata mara moja. Nimewahi kujisifu kuwa fundi! Nilimwonea wivu mke wangu kwa ufundi, pale, katikati ya hatua ya sita, kama anavyoonewa wivu mtu aliyeumba kitu ambacho hutaweza kukiumba hata ukizaliwa tena.

Saba. Tukasimama.

Vuai aliinua macho kutoka kwenye vivuli. Aliuona. Ile hatua ya tano mwanga ulipita mpana kama kiganja, na Vuai si kipofu. Nilimtazama mkono. Ulikwenda kwenye waya, ukakaa pale. Upepo ulikuwa unatoka upande wa nyumbani kwao, na sote watatu tukasikia, mbali, nyembamba: kwii.

Aliandika kitabuni. Akasoma alichoandika kwa sauti, akitazama ardhi. "Uzi mzima."

Mlangoni akanivuta mkono. "Fundi. Waya unafumuka?"

"Haufumuki. Unakatwa."

"Una koleo?"

"Ninalo."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Hakusema nije lini. Koleo nimelitoa, liko pale kizingitini.

Nilipogeuka Mize alikuwa amejitanda, kapu mkononi, anakwenda mlangoni. Safari hii mzima. Mwili na kivuli vyote viwili vinatembea kwa hatua zile pana, goti na kila kitu.

Lile swali likapanda. Unakwenda wapi? Nimeliuliza mara nyingi mpaka limechimba ulimi. Nililimeza. Lilishuka kama mfupa wa samaki.

"Maharage yamo mekoni," alisema. "Yakikauka ongeza maji. Maji ya moto."

"Utarudi?"

Alifikiri, kwa uaminifu kabisa, kama anavyofikiri mtu aliyeulizwa kwa mara ya kwanza. "Sijui bado," akasema. Akatoka.

Nikakaa kwenye kibao chake. Nikainua mguu, nikapachika ncha ya sindano chini ya mshono wa kurudi, nikafumua. Mmoja, kisha ile saba. Uzi ulikuwa mzuri, nasema mwenyewe, kazi safi. Kivuli changu kikafunguka polepole kama shati lililokunjwa vibaya sandukuni. Nikanyanyuka kwenda kutazama sufuria, na paji la uso likagonga kizingiti cha juu cha jiko, kizingiti nilichopita chini yake tangu nimeoa bila kukigusa. Nilikaa chini nikicheka, nashika kichwa. Hakuna aliyeniona. Hadithi nzuri namna ile, na wa kuisimulia vizuri ametoka.

Nimeongeza maji mara mbili, ya moto. Chumvi nimetia, ila sijui kipimo chake. Nyayo zinapita nje. Kila nikizisikia naisubiri ya tano ipungue, na haipungui. Kumbe ule nusu ukurasa ulikuwa na mwisho. Ninauandika hapa mimi, niliyeukata: kusubiri kwake kukawa kazi, nayo ni kazi nzito, na hakuna anayeiona.

Maharage yameiva. Nimeyaepua, nimeyafunika. Jua limekaa juu ya paa la jirani, na halina haraka.